Mashine ya wembe wa hanamu: mbona inakata chini na haichomi?

#1 Mkunazini_Ndani
Assalaam alaykum wanabaraza. Nna jambo linanishughulisha wiki ya tatu sasa.

Ami yangu karudi kutoka Ujerumani, kaniletea mashine ya kunyolea ndevu, Merkur 37C. Ukiitizama haraka utasema ni zile zile za wazee wetu: kifuniko juu, bamba chini, mpini, na katikati unatia wembe wa kawaida wa makali mawili. Ila kichwa kimekwenda upande. Mwanzo nilidhani imeanguka njiani ikapinda. Kumbe ndivyo ilivyoundwa. Ukishakaza mpini wembe unajipinda, pembe moja inapanda na nyengine inashuka, makali yanakaa hanamu.

Mie nna ndevu nene za kipilipili na shingo yangu hainipi amani tangu ujana. Mashine ya marehemu babu, Gillette ya kuzungusha mpini ikafunguka milango miwili, nilikuwa naipitisha mara tatu na shingo inawaka mpaka Adhuhuri. Hii ya hanamu nimepitisha mara mbili tu. Shavu limekuwa laini kama upande wa ndani wa mkono, shingo imetulia. Wembe ni ule ule Nacet, pakiti moja, sabuni ile ile.

Masuali mawili. Siri yake ni nini hasa? Na pili, nataka kumnunulia ndugu yangu yuko Chake Chake. Nimeona majina mengi, ipi ni ipi?

#2 Darajani_Mjini
Wa alaykum salaam. Yakhe, kinyozi wangu ananimaliza dakika kumi na gumzo la mpira juu. Wewe unapata wapi nafasi ya kupiga povu asubuhi?

#3 Seremala_Malindi
Mkunazini, jibu lako liko kwenye randa. Nikipiga randa mbao ya msaji pahala penye nyuzi zilizogongana, nikiisukuma sawasawa mbele inang'oa vipande. Nikiilaza randa hanamu, nikaisukuma kule kule mbele, maranda yanatoka membamba kama karatasi. Chuma ni kile kile, sikukinoa upya.

Nenda na sokoni ukamtizame anayepasua nguru. Hakibonyezi kisu kutoka juu, anakivuta. Makali yanayoteleza yanakata, yanayosukumwa yanabana tu. Hata ile mashine ya Kifaransa ya kukatia vichwa, iliyoanza kazi 1792, bapa lake lilikuwa la hanamu. Basi unywele nao ni uzi wa mbao. Hilo kwangu halina mjadala.

#4 Fundi_Mwanakwerekwe
Mjadala upo, seremala wangu. Randa unailaza kwa digrii ngapi? Thalathini, pengine zaidi. Wembe wa mashine hizi umelala kidogo sana. Tuseme kwa mfano ni digrii 5. Piga hesabu: ukisukuma mbele milimita 10, makali yanateleza upande milimita 0.9 hivi. Sasa unywele wa ndevu unene wake ni kama milimita 0.1, sawasawa na wembe wenyewe. Mpaka makali yatoke upande mmoja wa unywele mpaka wa pili, yameteleza chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Hapo pana kuvuta kisu kweli?

Mimi nasema siri ni mpindo. Chukua bati jipya bapa, lishike pembeni, linalegea kama shuka. Chukua bati la mawimbi, unene ule ule, unaweza kulikanyaga. Chuma chembamba ukikipinda kinakakamaa. Wembe kwenye mashine ya kawaida umepinda njia moja tu, juu ya mgongo wa kifuniko. Kwenye ya hanamu umepinda na ukasokotwa. Umekaza, hautetemeki ukikutana na unywele mgumu. Wembe unaoruka ruka ndio unaochoma shingo.

#5 Seremala_Malindi
Hesabu yako nzuri, lakini umeipimia unywele mmoja uliosimama wima peke yake. Ndevu zimelala, zimejikunja, zimelowa maji, na zinaingia kwa zamu. Makali ya hanamu hayazipigi zote kwa pamoja. Ndiyo maana mkono hausikii mzigo.

#6 Kijana_Fuoni
Kwa faida ya wengi: mashine hizi za hanamu aliziunda huyo huyo Gillette, Mmarekani, 1904. Zikaja kusahauliwa.

#7 Mzee_Kisiwandui
Mwanangu Fuoni, hapo sahihisha. Hataza ya King Camp Gillette ya 1904 ni ya mashine iliyonyooka, na biashara yake ilikuwa kuuza wembe mwembamba wa kutupwa ili mtu asihitaji kunoa tena. Za hanamu zilijulikana zaidi kwa Wajerumani, mji wa Solingen, kwenye visu na mikasi tangu enzi. Mulcuto walizitengeneza, na Merkur hawa ni wa huko huko. Nyengine iliuzwa Marekani kwa jina la Hoffritz, nayo ilitengenezwa na Merkur.

Nayajua haya kwa kuwa baba yangu alikuwa na Mulcuto, aliipata kwa baharia. Sisi watoto tukiiita "mashine kombo". Nilipoota ndevu akanikabidhi na sharti moja, nami nampa Mkunazini sharti hilo hilo: usijaribu kuunyoosha. Mtu akiona wembe umekwenda upande, mkono wake wenyewe unageuza mpini ili makali yawe sawa na shavu. Ukifanya hivyo umeiua kazi yake na utajikata kwenye ile pembe. Mpini uende ulivyo, wima, kama hujaona chochote. Na usikandamize. Uzito wa mashine unatosha.

Kabla ya wembe usioota kutu kuenea, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipotoka yule wa Wilkinson Sword, wembe hapa kisiwani ulikuwa ukiuacha usiku mmoja tu asubuhi una madoa mekundu. Baba akiufuta kwa kitambaa cha mafuta ya nazi, kila siku.

#8 Kijana_Fuoni
Ahsante mzee wangu, nimesahihishika.

#9 Nesi_Wete
Naomba niingie na jambo la ngozi, maana naona mnajadili chuma tu.

Mkunazini umesema ndevu zako ni za kipilipili. Nywele za singa zikikatwa zinarudi kuota wima. Za kipilipili zinaota zikijikunja, na ncha iliyokatwa kali inageuka ikaingia tena kwenye ngozi, ama kwa nje pembeni ya tundu lake, ama kwa ndani kabla haijatoka kabisa. Mwili unauona kama mwiba. Hapo ndipo vile vipele vya shingoni, wengine vinawaachia makovu meusi.

Sasa fikirini: mashine inayosifiwa kwa kukata chini kabisa ndiyo inayoweza kuacha ncha chini ya uso wa ngozi. Siku ya kwanza raha, siku ya nne unakuja zahanati. Kaka Mkunazini, wiki tatu bado mapema kusema shingo imepona. Mwenye vipele mie humwambia asivute ngozi wakati wa kunyoa, asiende kinyume cha mlalo wa ndevu, na akiweza aache kidogo kwa mashine ya umeme mpaka ngozi itulie.

#10 Mkunazini_Ndani
Dada Nesi ahsante sana, hili sikulijua. Mie shingoni nafuata mlalo tu, mara zote mbili. Kinyume napita mashavuni peke yake. Pengine ndiyo iliyoniokoa?

#11 Fundi_Mwanakwerekwe
Kwa babu nako ulikuwa unafuata mlalo tu?

#12 Mkunazini_Ndani
Hapana... kwa babu mara ya tatu nilikuwa nakwenda kinyume, shingoni pia. Kwa sababu mara mbili hazikutosha.

#13 Fundi_Mwanakwerekwe
Basi umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, ndugu yangu. Hatujui ni kipi kilichokusaidia.

#14 Mswahili_wa_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Mie ni mtu wa Jang'ombe, niko huku kikazi, na ugonjwa huu wa mashine ninao, nna tano za hanamu. Nijibu suali la pili maana la kwanza mnaendelea nalo.

Merkur 37C uliyonayo ndiyo kipimo cha wote. Mpini mfupi, kichwa kizito kiasi, inasamehe. Fatip wa Italia wana ya kwao wanaiita Lo Storto, yaani "kilichopinda". Ni shaba iliyopakwa juu, ina sauti kali ikikata na haitaki mkono uliolala. Mwenye ndevu kama waya ataipenda, mwenye ngozi laini ataiacha. iKon 102 kwangu ndiyo bora kuliko zote: inakata chini kama Fatip lakini usoni huisikii. Ila bei yake inauma. Fine Superlite ni ya alumini, nyepesi kama kalamu, na hapo ndipo ninapogombana na watu. Wengine wanaisifu, mimi naikandamiza bila kujijua kwa kuwa haina uzito wa kunikumbusha. Parker wana "nusu hanamu", wembe umelala kidogo tu, ya Waingereza hiyo. Ni pole, ya kujifunzia.

Merkur 39C nayo ni kali zaidi kuliko 37C, kichwa chake kimelala zaidi.

Kwa ndugu wa Chake anayeanza, nunua Parker au 37C. Fatip aje nayo mwenyewe baada ya mwaka.

#15 Konde_Pemba
Bwana Muscat, umetupa darsa zuri, lakini mawili si sahihi. Parker ni ya India, si Uingereza. Na 39C kichwa chake ni kile kile cha 37C. Kilichobadilika ni mpini, mrefu na mzito, ndiyo maana wakaipa jina la nyundo. Ukiiona kali ni uzito huo.

#16 Mswahili_wa_Muscat
Nimefungua zote mbili nikabadilisha mipini. Kweli, zinaingiliana. Miaka mitatu naapa kuwa ni vichwa viwili tofauti! Shukran Konde.

#17 Konde_Pemba
Nami nitoe yangu, maana seremala na fundi wote wawili naona wameupita mlango.

Chukua mashine yako ya hanamu, itizame kwa pembeni, chungulia baina ya makali na bamba la chini. Upande mmoja mwanya ni mkubwa, upande wa pili ni mdogo. Mashine ya kawaida mwanya wake ni mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo una mashine kali na mashine pole ndani ya kichwa kimoja. Bila kujijua, mkono unajifunza kupitisha ile pembe kali pale penye ndevu ngumu, kidevuni, na ile pole shingoni. Mie nimejaribu kwa makusudi: nikaiweka pembe ya mwanya mkubwa kwenye koo, ikanichoma kama yoyote.

Nilivyoona mie, si kuteleza wala si kukakamaa. Ni mwanya.

#18 Seremala_Malindi
Kama ni mwanya tu, mbona mashine zilizonyooka zenye mwanya mkubwa zinachuna watu?

#19 Konde_Pemba
Kwa sababu zina mwanya mkubwa kote, hazina pa kupumzika.

#20 Bi_Mwani_Paje
Assalaam alaykum. Mie mwanamke, sinyoi ndevu, ila natengeneza sabuni ya mwani na wateja wangu wengine ni wanaume. Nyote mmesahau maji.

Visiwa vyetu hivi vimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yanapita humo yakabeba chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni inatengeneza ule utando wa kijivu unaobaki kwenye beseni. Povu linakufa kabla halijafika shavuni. Mtu ananyoa juu ya maji matupu halafu analaumu mashine. Mkunazini, hebu sema, kwa babu ulikuwa ukinyoa kwa maji gani na sasa unanyoa kwa maji gani?

Sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo mabaharia walikuwa wakiitumia. Ila nazi peke yake inakausha ngozi, na povu lake ni la mapovu makubwa, linakimbia. Sabuni ya kunyolea hasa inataka asidi ya steariki nyingi na magadi ya aina mbili, ya sodiamu na ya potasiamu, ndipo povu linakuwa zito kama tui la kwanza na linabakia. Mie naongeza na glisirini. Kama huna hiyo, kinga maji ya mvua, weka dumu moja kwa ajili ya uso. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

#21 Mkunazini_Ndani
Bi Mwani, umenishika pabaya. Mvua zimeanza karibu na siku niliyoletewa mashine, na kweli tangu hapo natumia maji ya pipa.

#22 Fundi_Mwanakwerekwe
Vitu vitatu sasa. Mashine, njia, na maji.

#23 Darajani_Mjini
Mnanivuta kidogo kidogo. Lakini mbona hapana aliyesema la dini? Ndevu hufugwa, masharubu ndiyo hupunguzwa.

#24 Mzee_Kisiwandui
Ni kweli mwanangu, na wengi humu wanafuga. Mimi mwenyewe ninazo, nyeupe. Mashine naitumia kwa mashavu, shingo na kusafisha mistari. Halafu kuna usafi mwengine wa mwili ambao tumeambiwa usipitishe siku 40, nao unataka wembe salama. Mambo ya hukumu tuyaache kwa masheikh wetu, uzi huu wa chuma na povu.

#25 Nesi_Wete
Ahsante mzee. Na kwa hilo la usalama: kaka Darajani, hakikisha kinyozi anafungua wembe mpya mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Kuupitisha wembe kwenye moto wa kibiriti hakutoshi. Mtu kuwa na mashine yake mwenyewe nyumbani, iwe ya hanamu au iliyonyooka, kwangu ni hatua kubwa.

#26 Darajani_Mjini
Nilikuwa sitizami. Nitatizama.

#27 Kijana_Fuoni
Wembe mmoja unanyoa mara ngapi? Mie siku ya tatu unavuta. Kwa nini chuma kigumu kinashindwa na unywele?

#28 Mswahili_wa_Muscat
Suali lako waliwahi kulichunguza watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakachapisha 2020 kwenye jarida la Science. Chuma cha wembe ni kigumu mara 50 kuliko unywele, na bado makali yanamenyeka. Waliona kuwa unywele ukipinda mbele ya makali, na pale kwenye makali pakawa na sehemu mbili za chuma zisizolingana ugumu, kipande kidogo kinabanduka. Hayalikwi polepole kama sabuni, yanamegeka.

Kwa hiyo lainisha ndevu kwanza. Mie naoga kabla, au kitambaa cha maji moto dakika mbili tatu. Unywele uliolowa unakatika, mkavu unapigana.

#29 Fundi_Mwanakwerekwe
Na hapo mnaona: kinachomega ni unywele unaopinda na chuma kinachoyumba. Wembe uliokakamaa...

#30 Seremala_Malindi
...au wembe unaoteleza kabla unywele haujapinda!

#31 Konde_Pemba
Tahadhari moja, wembe wa bandia. Nilinunua pakiti kwenye duka moja huku, sitalitaja, maandishi yamechapwa kombo kidogo. Wa kwanza ulinichana mdomo wa juu. Ukiutizama kwenye jua makali yake yana mawimbi. Mashine ya hanamu inausokota wembe, kwa hiyo wembe mbaya unaonekana mbaya zaidi humo. Nilipotia Astra ya kweli mambo yakarudi sawa.

Na hewa yetu ya bahari: msiache mashine bafuni imelowa. Hizi Merkur ndani yake ni aloi ya zinki, juu ndiyo kromu. Kromu ikitoboka, chumvi inaingia na inaoza kutoka ndani. Fatip ya shaba itageuka kijani tu, utaisugua kwa ndimu.

#32 Bi_Mwani_Paje
Na baada ya kunyoa mnapaka nini?

#33 Mzee_Kisiwandui
Shabu, mwanangu. Kipande cha shabu kilicholowa, unapitisha usoni pote, unasubiri kidogo, unaosha. Nayo ni mwalimu. Pale inapouma sana ndipo ulipokandamiza.

#34 Konde_Pemba
Huku kwetu wengine wanapaka mafuta ya karafuu. Yanukia vizuri.

#35 Nesi_Wete
Yasiwe matupu, tafadhali! Yanaunguza. Tone moja kwenye mafuta mengi ya nazi, na jaribu kwanza nyuma ya mkono.

#36 Mkunazini_Ndani
Nimerudi, wanabaraza. Wiki hii nimefanya kama mlivyonielekeza. Nilichukua maji ya pipa yale yale, sabuni ile ile, Nacet mbili mpya, na shingo nzima nikafuata mlalo tu. Upande wa kulia nikanyoa kwa mashine ya babu, wa kushoto kwa ya hanamu. Siku nne, kila baada ya siku moja.

Kulia hakukuwaka kama zamani. Kwa hiyo Bi Mwani na dada Nesi mna haki yenu. Lakini kwa babu bado nabaki na ukwaruzo chini ya taya, na kushoto hakuna, kidole kinapita tu. Vipele: kulia kimoja, kushoto viwili.

#37 Nesi_Wete
Hivyo viwili vya kushoto viko wapi hasa? Chini ya taya, pale pale palipo laini?

#38 Mkunazini_Ndani
Pale pale.

#39 Konde_Pemba
Na mpini ulipokuwa umesimama wima, mwanya mkubwa ulikuwa upande wa sikio au wa koo?

#40 Mkunazini_Ndani
Sikutizama. Kesho nitatia alama ya wino kwenye kifuniko nitizame.

#41 Fundi_Mwanakwerekwe
Ukimaliza niazime siku mbili. Nataka kuipima mwanya wake kwa geji ya plagi za boti, pembe zote nne. Nakuja kuichukua mwenyewe Mkunazini baada ya Alasiri.

#42 Seremala_Malindi
Na mimi nakuja na randa.